Maalim Haroub wa Kiponda, Aliyefunza Watu Kungoja

Assalaam alaykum. Kaeni jamani, kaeni, walosimama kule mlangoni sogeeni kwenye jamvi, nafasi ipo, na kina mama mlioko ndani spika imeelekezwa dirishani kwenu makusudi, kaeni mtulie mnisikilize, kwa sababu haya ntayasoma mara moja tu, na sidhani kama ntakuwa na sauti ya kuyarudia.

Wazee wameshanambia, na wana haki yao, kwamba kusoma historia ya mtu kwenye khitma si desturi yetu, hayo ni mambo ya wakubwa wa serikali, sisi tunasoma Kurani, tunakula wali, tunakwenda zetu. Lakini Bi. Radhiya, mke wa marehemu, yumo ndani kakaa eda, kaomba jambo moja tu, nalo ni hili, isomwe na isikiwe na kila mtu, na mimi sina ubavu wa kumkatalia. Aliyepaswa kusoma ni Kheir, mtoto wa kiume wa marehemu, ila yuko Maskati kazini na ruhusa haijatoka, anatusikiliza kwenye simu hii niloiweka hapa mbele, Kheir, kama unanisikia, pole ndugu yangu. Ndo nikaambiwa nisome mimi, Gharib, mtoto wa Bi. Mwatum, dada yake marehemu. Skuli niliachia njiani, nyote mnajua, kwa hiyo nimeandika kama nnavosema.

Marehemu Haroub Kheir Mkadam alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, Jongowe, kisiwani Tumbatu, mtoto wa tatu wa Mzee Kheir Mkadam na Bi. Biasha Silima, Mungu awarehemu wote wawili. Mwaka 1979 akaletwa mjini kwa shangazi yake, hapa hapa Kiponda, akatiwa skuli, na mama anasema siku ya mwanzo watoto wa mjini walimpiga kwa sababu anasema Kitumbatu, siku ya pili wakampiga tena, siku ya tatu akapiga yeye, akaitwa kwa mwalimu mkuu, na toka hapo mpaka anafika darasa la kumi, mwaka 1988, alichotoka nacho ni kusoma, kuandika, na makovu. Mtihani akafeli. Mjomba mwenyewe alikuwa haoni haya kuyasema, akinikuta nimekaa barazani sina kazi ananambia, "Wewe Gharib afadhali, skuli uliiacha, mimi iliniacha."

Mwaka 1990 akavuka kwenda Dar es Salaam, Kariakoo, kutafuta maisha, akapata kazi ya kubeba magunia, akawa kijana wa kupigana kila siku, mpaka siku moja akaambiwa kuna mzee fundi cherehani, jina lake Shamsi, mchana anashona suruali, jioni anafundisha karate uani kwake, na hakuna anayemuweza. Mjomba akenda kwa nia ya kumpiga. Mzee Shamsi hata hakuinuka kwenye cherehani, akamwambia, piga magoti hapo, fumba macho, usifumbue mpaka nipige kofi, mkono kwa mkono. Mjomba akapiga magoti, akangoja, akangoja, akafumbua. Mzee akamwambia, "Nenda nyumbani mwanangu, urudi kesho." Kesho yake vile vile, na keshokutwa vile vile, kijana mwenye ngumi zile anarudishwa kama mtoto wa chuoni aliyesahau juzuu, mpaka siku ilipofika akaweza kukaa, macho kafumba, cherehani inalia, inzi wanamtambaa usoni, na hakufumbua mpaka kofi likapigwa. Ndo siku hiyo akafunzwa ngumi ya kwanza, na akakaa kwa Mzee Shamsi miaka sita.

Mwaka 1996 akarudi Unguja na mkanda mweusi ndani ya mfuko wa rambo, akaanza kazi ya uchukuzi bandarini Malindi, kazi ambayo hakuiacha mpaka wiki hii. Huko bandarini ndo alikokutana na Bi. Radhiya Makame, mtoto wa Uroa, aliyekuja mjini na magunia ya mwani mkavu. Bi. Radhiya kanipa ruhusa niseme maneno yao ya kwanza. Alimwambia, "We kaka, mbona unayabeba magunia yangu kama umebeba mayai?" Mjomba akamjibu, "Kwa sababu mwenyewe ananitazama." Wakafunga ndoa Uroa, tarehe 6 Juni 1998, wakajaaliwa watoto wawili, Nassra, aliyezaliwa mwaka 2000, ambaye kaolewa Kizimkazi na yumo humo ndani na ujauzito wake mkubwa, na Kheir, aliyezaliwa mwaka 2003, huyu wa kwenye simu.

Tarehe 1 Agosti 1999 akafungua skuli yake ya karate, ghorofani, kwenye ghala la zamani la karafuu, hapa nyuma ya msikiti, mnaijua nyote, ngazi yake nyembamba mtu mnene anapanda ubavu ubavu, na mpaka leo ukifanya mazoezi ukatoka jasho, mbao za sakafu zinatoa harufu ya karafuu kama mtu anapika pilau. Alishona majamvi mwenyewe kwa sindano ya magunia, akaweka sheria mbili tatu, kandambili zinapangwa mlangoni zikitazama nje, matusi yanabaki barabarani, na mtu asiyeswali asimtolee visingizio. Mwanafunzi mmoja aliwahi kumwita sensei kama kwenye sinema, akamwambia, "Sensei yuko Japani anakula samaki mbichi, mimi nnakula wa kukaanga, niite Maalim." Ikawa Maalim mpaka mwisho.

Na kila jioni, mazoezi yakiisha, kabla ya adhana ya magharibi, alifanya lile alilofanyiwa yeye Kariakoo. Wanafunzi wanapiga magoti safu safu, Maalim anasema, "Fumba," wote wanafumba, na hakuna anayefumbua mpaka apige kofi. Siku nyengine anapiga haraka, siku nyengine anakuacha magoti yanawaka moto. Anapita katikati yenu kwa miguu mitupu humsikii. Ukifumbua unavua mkanda wako, unarudi mstari wa nyuma na watoto walioanza juzi. Watu wakimuuliza hii nayo ni karate gani, anawajibu, "Kupigana kila mtu anajua, hata paka wa Darajani wanapigana. Kungoja ndo kazi."

Wengi wenu hapa mnakijua kile kisa cha mwaka 2016, kwa sababu alikisimulia kwenye kila baraza ya mji huu. Aliwaambia "Fumba," halafu akashuka polepole kwenda kunywa kahawa pale kwa muuza kahawa, akakuta watu wanabishana mpira, na yeye na mpira mnamjua, akaingia ubishani akasahau kabisa kama kuna watu kawaacha juu. Anakuja kukumbuka, anapanda mbio, anakuta wanafunzi wake wote wamepiga magoti vile vile, macho yamefumbwa, na watalii wawili, mzee na bibi yake, wanazunguka katikati yao wanapiga picha, wanadhani ni masanamu ya makumbusho. Mjomba alilia siku ile. Akapiga kofi, akawakumbatia mmoja mmoja. Na nyinyi wazee mlipokisikia mlicheka mpaka vikombe vikamwagika, mkasema hawa ndo watoto, adabu ya namna hii siku hizi haipo, mkaanza kumletea wenu. Nnaomba hilo mlikumbuke, ntalirudia sasa hivi.

Lakini Faiza hakuletwa na mtu, yeye alishakuwepo toka mwaka 2013, ana umri wa miaka tisa, mtoto wa jirani, alikuwa anapanda ngazi anachungulia. Mama'ke hakutaka, alisema, "Mtoto wa kike arushe miguu, nani atamuoa?" Maalim akamjibu, "Bi mkubwa, atakayemuoa atakuwa na adabu, hilo nakuhakikishia." Bi. Radhiya akamshonea nguo ndefu ya kumstiri, na skuli ikapata safu ya wasichana. Faiza alikuwa akipigwa anainuka, akifundishwa jambo harudiwi, na kwenye kufumba hakuna aliyemfikia, ungeweza kuangusha sahani ubavuni mwake. Mwaka 2022 akafungwa mkanda mweusi, msichana wa kwanza wa skuli ile, na mwezi wa Ramadhani uliopita Maalim alisema mbele ya wazazi wote kwamba yeye akichoka, ufunguo ni wa Faiza. Wako hapa waliosikia, na wako waliopiga makofi.

Mimi pia nilipita pale. Nilivuliwa mkanda mara nne kwa kufumbua macho, mara ya tano Mjomba akanishika bega akanambia, "Gharib mwanangu, wewe una macho ya mwewe, nenda kafanye biashara." Nikashuka ngazi, nikenda Darajani kuuza simu. Ndo maana siku ya tukio sikuwepo.

Maradhi ya marehemu yalianza mwaka 2019, presha, daktari akampa dawa akamwambia kila siku, yeye akawa anakunywa akiumwa kichwa tu. Bi. Radhiya alimsemesha, Nassra alimsemesha, alikuwa anajibu, "Nshakunywa," na hajanywa. Mwili wa chuma, masikio ya chuma. Siku ya Jumanne, tarehe 3 Septemba 2024, alifanya kazi bandarini kama kawaida, akaja akaswali alasiri, akapanda juu, akafundisha. Wanafunzi wanasema alikuwa mzima, alimtania Silima, yule mrefu, kwamba teke lake linakwenda chooni badala ya kwenda kwa adui. Mazoezi yalipokwisha wakapiga magoti, Faiza yuko safu ya mbele, yeye na Maalim wanatazamana, Maalim akasema, "Fumba."

Wakafumba.

Sasa haya nnayoyasoma nimeyapata kwao wenyewe, mmoja mmoja, na wote wamesema sawasawa. Walimsikia amekaa chini, jambo ambalo si kawaida yake, lakini ndo walizidi kutulia, wakajua leo anawapima. Baadae wakasikia anakoroma. Watoto wa nyuma wakaanza kucheka, Maalim kalala, Maalim kalala, na Faiza, macho kafumba, akasema kwa sauti, "Adabu!" wakanyamaza. Wakaendelea kukaa. Kukoroma kukapungua. Kila mtu anasema moyoni alijua kuna kitu, na kila mtu akajiambia, ndo mtihani wenyewe huu, anataka kuona nani atafumbua. Jua likaondoka dirishani, walilihisi usoni linaondoka. Kofi halikupigwa. Mpaka muadhini akaadhini magharibi, na hapo Faiza akafumbua, kwa sababu sauti iliyo kubwa kuliko ya Maalim ni hiyo moja tu. Akamuona Mjomba kalala ubavu, mdomo umekwenda upande, jicho moja liko wazi, linawatazama.

Faiza alimbeba mgongoni. Ngazi ile, mtu mzito vile, Silima mbele anamshika miguu, watoto nyuma wanalia, wakashuka naye mpaka chini, gari haiwezi kuingia uchochoro wetu, wakaja wachukuzi wenzake na mkokoteni, wakamlaza juu ya magunia, wakamkimbiza mpaka barabara kubwa. Watu waliokuwa wanakwenda msikitini walifungua njia.

Hospitali walisema mshipa umepasuka kichwani. Mimi nilifika, nikamfuata daktari kwenye korido nikamuuliza, kiume, kama wangemuwahisha mapema angepona? Daktari kijana tu, kachoka, akaniangalia akasema, "Pengine angepona. Pengine isingebadilika kitu. Mimi sijui, na mtu yeyote atakayekwambia anajua anakudanganya." Jawabu hilo ndo hilo, sikupewa jengine, na nyinyi sina jengine la kukupeni.

Siku ya Jumatano alifungua macho. Hasemi, upande wa kulia wote umekufa. Faiza akaruhusiwa kuingia, akapiga magoti kando ya kitanda, na Mjomba alipomuona akaanza kuutingisha mkono wa kushoto, anaupiga kwenye shuka, anaupiga, anatafuta ule wa pili anaukosa, anaupiga tena. Muuguzi alisema ni maradhi tu, wagonjwa wa namna ile hufanya hivo. Bi. Radhiya anasema miaka ishirini na sita kalala ubavuni mwa mtu yule na anamjua, alikuwa anapiga kofi lake lile, alikuwa anawaambia wanafunzi wake inukeni, basi, imetosha. Mimi nilikuwepo, nimeona kwa macho haya ya mwewe, na nimekusomeeni kama nilivoona.

Marehemu alifariki Alkhamis, tarehe 5 Septemba 2024, asubuhi, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri, Mwanakwerekwe. Kaacha mjane, watoto wawili, dada mmoja ambaye ni mama yangu, mjukuu anayekuja inshaallah, na wanafunzi ambao tokea kaburini hakuna aliyewaona wanacheka.

Na hapa ndo pale Bi. Radhiya alipotaka tufike. Toka Alkhamis kuna maneno mjini. Nnayasikia Darajani, yanasemwa bombani, yanasemwa hata kwenye jamvi hili hili, wallahi nimeyasikia jana nnagawa kahawa. "Yule msichana ndo aliyemwachia Maalim afe." "Mtu anakoroma mauti mbele yako, unawaambia watoto adabu?" "Mie mwanangu nshamtoa." Mama'ke Faiza kafunga mlango, hafungulii mtu. Faiza mwenyewe juzi kaja humu ndani na ule mkanda mweusi, kaukunja vizuri, kamuwekea Bi. Radhiya mapajani, kasema, "Mama, upokee, mimi sina haki nao." Bi. Radhiya akaurudisha, akamwambia, "Mimi sikukupa, mimi sipokei. Aliyekupa mfuate kaburini ukamrejeshee, akiuchukua basi." Halafu akamtia na ufunguo wa ghala mkononi, akamfunga vidole. Faiza kaondoka na ufunguo, lakini hajaahidi kitu. Sasa hivi yumo humo ndani, kakaa nyuma ya mlango wa jikoni, na mkimtazama nyinyi kina mama mtazameni kama mtoto wa maiti, kwa sababu ndivo alivyo.

Skuli ina watoto thalathini na kitu. Siku ya kurudi mazoezini ni Jumanne. Kama Faiza hakupanda ngazi ile, hakuna mwengine, Silima kasema yeye hawezi, na lile ghala mwenyewe yupo, atalipangisha wauza vinyago vya watalii kabla mwezi haujaandama. Hayo ndo yaliyopo mezani, si mengi.

Familia inatoa shukurani kwa daktari na wauguzi waliomhudumia siku mbili zile bila ya kuchoka, na kwa wachukuzi wa Malindi, mlioacha mizigo ya watu bandarini mkamkimbiza mwenzenu, Mungu awape nguvu za mikono. Majirani wa Kiponda, mliofungua milango yenu, mliopika, mliokosha masufuria, mliotandika majamvi haya, hatuna cha kukulipeni. Walioshika jeneza, walioteremka kaburini, waliosoma, waliotoka Uroa, Tumbatu na Kizimkazi, shukurani. Na wanafunzi wa Maalim, nyinyi mliomshusha mwalimu wenu ngazi ile kwa mikono yenu, shukurani zenu mtazipata kwa Mungu, sisi zetu ni ndogo.

Mjomba, pumzika. Umesukuma mizigo ya watu miaka ishirini na nane, umekuza watoto wasio wako ukawaita wako, mwili umechoka, pumzika kwa amani, Mungu alipanue kaburi lako na alitie nuru, amin.

Nimebakisha suala moja, kanituma Bi. Radhiya, kasema kila mtu alijibu moyoni mwake kabla hajanyoosha mkono kwenye sinia, wazee mliocheka mwaka ule mkamwaga kahawa, wazazi mliowaleta watoto wenu wafunzwe kutii, na wewe uliyesema maneno bombani, unajijua. Ungekuwa wewe ndo umepiga magoti safu ya mbele, na aliyekwambia fumba ni mtu uliyempenda kuliko baba'ko, na toka una miaka tisa kakwambia usifumbue mpaka nikwambie, ukamsikia anakoroma, hujui kama ni usingizi, au ni mtihani, au ni roho inatoka, wewe ungefanya nini?